Barua za Baba Krismasi Katika Jamhuri ya Tulivu

Watu wa nje hupenda kusema kwamba Jamhuri ya Tulivu haiwajali watoto. Hao ni waongo, na baadhi yao wameshafukuzwa nchini. Mimi, Gaudensi Chilewa, Karani wa Mihuri Daraja la Pili katika Idara ya Majibu ya Krismasi, nimeona kwa macho yangu jinsi Serikali ilivyounda tume, ikachapa kitabu, ikaagiza magari na kumkamata mwanamke mmoja, yote hayo kwa ajili ya watoto. Nitaeleza yalivyokuwa, bila chuki, kama mtumishi mwaminifu.

Hapo zamani hapakuwa na idara. Kila Desemba watoto waliandika barua, juu ya bahasha wakaandika "Baba Krismasi, Posta Kuu", wakazitumbukiza kwenye sanduku bila stempu. Aliyezijibu alikuwa karani mmoja wa Posta, Bi. Skolastika Kalokola, mjane mwenye mwandiko mzuri na mdomo mbaya. Alizijibu saa ya chakula cha mchana, akila muhogo kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia. Hakuahidi kitu. Aliandika mambo kama, "Baiskeli sina. Ila nimefurahi kusikia mdogo wako amepona surua. Mwambie bibi yako akufundishe kutengeneza gari la mabua, atakuwa anajua." Watoto waliridhika. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemzuia, hali ambayo kwa utaratibu wa nchi yetu ni ya hatari sana.

Hatari yenyewe iligunduliwa na Waziri wa Furaha na Malezi, Mheshimiwa Dakta Zebedayo Tumbuka. Siku moja furushi la barua hizo lilipelekwa ofisini kwake kwa makosa. Akasoma ya kwanza: mtoto anaomba dawati. Ya pili: mtoto anaomba dawa ya macho ya bibi yake, maana zahanati imefungwa na mwenye funguo amehamia mjini. Ya tatu: mtoto anaomba maji, "hata kidogo, ya mama". Mheshimiwa alisoma mpaka jasho likamtoka, kisha akaita waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, "maelfu ya watoto wetu, kila mmoja kwa wakati wake, wanaandika taarifa ya hali ya nchi na kumpelekea mtu ambaye uraia wake haujulikani. Mtu huyu anaingia nchini mara moja kwa mwaka, hapiti uhamiaji, anaingia majumbani bila kubisha hodi. Nauliza: nani amewafundisha watoto kuorodhesha?"

Swali hilo halikujibiwa, kwa hiyo ikaundwa Tume.

Tume ya Maadili ya Kumjibu Mtoto ilikuwa na wajumbe kumi na wawili, nao walikaa wiki tatu katika hoteli iliyo ufukweni mwa Ziwa Mlezi. Ziwa lenyewe lilikauka miaka sita iliyopita. Lakini Serikali haijatangaza kwamba limekauka, kwa hiyo kila mjumbe alipewa boya la kujiokolea, akalivaa kila asubuhi akienda kutembea kwenye vumbi. Mimi nilikuwepo kama mgonga mihuri wa Tume. Nilivaa langu pia.

Suala lilikuwa zito: je, ni maadili kumjibu mtoto kwa jina la mtu ambaye hayupo? Mjumbe mmoja, mchungaji, alisema huo ni uongo, na uongo ni dhambi. Mwenyekiti, profesa mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kupigia picha, alimtazama kwa huruma.

"Mchungaji," alisema, "uongo kwa mtu mzima ni uongo. Uongo kwa mtoto ni ukweli uliocheleweshwa."

Tulipiga makofi mpaka maboya yakatikisika. Kutokana na hekima hiyo ukazaliwa Mwongozo, kitabu cha kurasa mia moja na sita, ambacho kifungu chake cha kwanza nakijua kwa moyo: "Mtoto asiambiwe uongo. Mtoto asiambiwe ukweli pia. Kati ya viwili hivi ipo nafasi pana, na humo ndimo Serikali inamofanyia kazi."

Mwongozo uliweka majibu matatu tu. Mtoto akiomba kitu, ajibiwe kwa Jibu A: "Ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi." Akiomba dawa au afya, Jibu B: "Cheza zaidi, kunywa maji mengi." Na akiulizia mtu, yaani baba, mama, kaka, au yeyote ambaye siku hizi haonekani nyumbani, ajibiwe kwa Jibu C: "Mtu unayemuulizia yuko kozi, anaendelea vizuri, na anakusalimu."

Nilimwuliza profesa kwa nini kuwe na jibu maalumu la watu wasioonekana, wakati katika nchi yetu hakuna watu wasioonekana. Akanijibu kwamba Mwongozo mzuri hutangulia matatizo. Nikaridhika.

Bi. Skolastika hakuridhika. Alihamishiwa kwenye Idara kwa sababu ya mwandiko wake, akapewa Mwongozo na kuambiwa auhifadhi kichwani. Aliusoma asubuhi moja, akauweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na meza ikaacha kuyumba.

"Angalau umefaa," alisema.

Idara haikuwa na ofisi, kwa hiyo tulipewa Chumba Namba Tisa cha Posta Kuu, ambacho tayari kilikuwa na magunia. Magunia yale yalikuwa na barua kutoka Chumvini. Kwa wasioijua Chumvini, ni Chuo cha Uongozi na Tafakuri kilichojengwa kwenye majangwa ya chumvi, chenye uzio wa seng'enge na minara ya kuwaangalia wanachuo wasichoke. Wanachuo huchimba chumvi na kutafakari. Wanaruhusiwa kuandikia familia zao, maana sisi si washenzi. Ila sheria moja inakataza barua zao zisipelekwe, na sheria nyingine inakataza barua yoyote ya wananchi isiharibiwe. Serikali inaheshimu sheria zote mbili. Basi barua zilikaa kwenye magunia, na sisi tulikaa juu ya magunia, maana viti havikuletwa.

Krismasi ya kwanza ya Mwongozo ilitutia aibu. Mheshimiwa Waziri alikuwa ameagiza kila bahasha iwekwe pipi moja. Lakini kila barua nchini hupitia kwanza kwa vijana wa Usalama, nao huifungua kwa mazoea, na vijana wale nao ni binadamu. Mbele ya kamera za televisheni mtoto mmoja alifungua bahasha yake, akatoa ganda la pipi, akalinusa. Nchi nzima iliona. Mheshimiwa alinguruma. Siku hiyohiyo akatia sahihi amri: bahasha yoyote yenye muhuri mwekundu wa Baba Krismasi isifunguliwe na mtu yeyote, awe polisi, awe Usalama, awe Waziri mwenyewe, bali ipelekwe kwa gari la Serikali mpaka mlangoni na kukabidhiwa mkononi. Atakayeivunja amri, kifungo miaka saba.

Hivyo ndivyo barua zilizo salama kuliko zote katika Jamhuri ya Tulivu zilivyokuja kuwa barua za Baba Krismasi. Na muhuri ule mwekundu nilikuwa nao mimi, umefungwa kwa mnyororo kwenye mkanda wangu wa suruali. Hata chooni nilikwenda nao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka uliofuata, wiki ya kwanza ya Desemba, Bi. Skolastika alifungua barua iliyoandikwa kwa penseli. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti, ili, kama alivyosema, nami nipate elimu.

"Mpendwa Baba Krismasi, shikamoo. Naitwa Tusekile Mwambungu, nina miaka tisa. Sitaki mwanasesere. Viatu vyangu vimepasuka lakini sitaki viatu. Nataka kujua kozi ya baba inaisha lini. Mwaka jana nilikuuliza baba yuko wapi ukaniambia yuko kozi. Lakini baba ni mwalimu wa jiografia na walimu wakienda kozi hubeba begi. Baba aliondoka na ndala. Watu waliomchukua walimsahaulisha shati. Kama unajua nijibu. Kama hujui sema hujui, sitakasirika."

Bi. Skolastika aliishusha barua.

"Mwaka jana ni nani alimjibu huyu?"

"Ni wewe, Bi. Skolastika. Jibu C. Mwandiko wako, muhuri wangu."

Aliisoma tena barua, safari hii bila sauti. Kisha akauliza huyu Mwalimu Mwambungu alifanya nini. Nilimweleza, maana kesi yake ilikuwa maarufu. Mwalimu Asajile Mwambungu aliwaambia wanafunzi wake wa darasa la sita wapake rangi ramani ya nchi, na mtoto mmoja alipochukua penseli ya bluu apake Ziwa Mlezi, mwalimu akamwambia, "Hapo tumia kahawia." Basi. Watoto arobaini walipaka kahawia. Ni uchochezi wa wazi.

"Yuko Chumvini?"

"Yuko kozi," nikasema.

"Gaudensi, humu ndani tuko wawili."

"Ndiyo, na ukuta ni wa tatu."

Akainuka. Alinitazama mimi, halafu akatazama gunia nililokalia.

"Toka hapo."

Alilifungua gunia. Akamwaga barua sakafuni, akapiga magoti kama anayechambua mchele, akaanza kusoma majina. Ilimchukua siku nzima, na chakula cha mchana hakula. Saa kumi jioni, watu wakiwa wanafunga ofisi, alikuwa na barua kumi na tatu mkononi, zote zimeandikwa jina la Mama Tusekile, mtaa na nyumba. Akafungua ya juu. Nilimwambia kufungua barua ya mtu ni kosa. Alisoma kwa sauti hata hivyo.

"Mke wangu, niko Chumvini, tunachimba. Ninaandika kila mwezi, sijui kama zinafika. Sikio la kushoto limekufa, wamelipiga, lakini la kulia linatosha. Mwambie Tuse nimeuona mpaka wa nchi kwa macho yangu, uko kama nilivyowafundisha. Akiuliza niko wapi, usimdanganye. Atajua, na baada ya hapo hatatuamini tena sisi sote."

Bi. Skolastika alikunja ile barua. 

"Tangu mwaka jana," alisema. "Tangu mwaka jana nimewaambia watoto wa watu 'anakusalimu', na salamu zenyewe nimezikalia."

"Hukujua."

"Nilijua nimekalia nini. Sikupaswa kungoja kuambiwa."

Kuanzia kesho yake alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Alichukua barua za watoto, akazilinganisha na zile za kwenye magunia. Kwa kila nyumba alichukua karatasi safi, akaandika Jibu C kwa ule mwandiko wake mzuri, neno kwa neno kama ulivyoagiza Mwongozo, bila kupunguza wala kuongeza nukta. Kisha nyuma ya Jibu C akaweka barua za baba mwenyewe, au za mama, au za kaka, akafunga bahasha. Kama nyumba ilikuwa na mtoto ambaye hakuandika, alimjibu pia, maana kifungu cha arobaini kinaruhusu kumjibu mtoto mwenye haya ambaye bado hajaandika.

Akaniletea.

"Gonga."

"Mbona nene hii?"

"Ina pipi."

"Pipi gani bapa namna hii?"

"Kazi yako ni kugonga au kupapasa?"

"Kugonga."

"Basi gonga."

Nikagonga. Niligonga bahasha mia mbili na kumi na nne. Sikujua kilichokuwemo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaambia wachunguzi, na mtumishi wa Serikali hasemi mambo mawili tofauti.

Tarehe ishirini na tatu magari ya Serikali yalizipeleka, yakisindikizwa na polisi wa pikipiki. Hakuna aliyethubutu kuzifungua njiani. Polisi walipiga saluti wakizikabidhi. Kwa Mwambungu, nilikuja kuambiwa, Mama Tusekile alikuwa anaanua nguo. Alimwona mwanawe akija na bahasha yenye muhuri mwekundu, akataka kuinyang'anya, akijua ni uongo mwingine. Mtoto alikuwa ameshaifungua. Alitoa Jibu C, akaliweka pembeni bila kulisoma. Akatoa barua zilizobaki, akautazama mwandiko, akasema tu, "Mama, huyu ni baba."

Siku ya Krismasi mimi nilikuwa kwenye msafara wa Mheshimiwa Waziri. Alikuwa amevaa joho jekundu na ndevu za pamba, jua likiwa kali, na alikuwa njiani kwenda kugawa zawadi kwenye mji wa mpakani, akifuatwa na basi la waandishi na mabalozi watatu. Barabara ya mpakani hupita mbele ya lango la Chumvini. Kwa kawaida mahali pale hapana mtu. Siku ile palikuwa pamejaa.

Walikuwa mamia. Wanawake wamebeba masufuria ya pilau yaliyofungwa kwa kanga, wazee na mikongojo, watoto waliovaa nguo za kanisani. Hawakuwa na mabango. Hawakuimba. Walikuwa wamekaa chini mbele ya seng'enge, wametandika mikeka, kama watu waliokuja arusini mapema. Mkuu wa Chuo alisimama langoni na askari wake, hajui la kufanya, maana hakuna kanuni inayosema nini kifanyike kwa pilau.

Gari la Mheshimiwa likasimama. Basi la waandishi likasimama. Mabalozi wakashuka na kamera zao ndogo.

"Kuna nini hapa?" Mheshimiwa aliuliza, akishika ndevu zisidondoke.

Mwanamke mmoja alisimama. Alikuwa mwembamba, na pembeni yake alikuwepo msichana aliyevaa viatu vilivyopasuka mbele. Sikuwahi kumwona yule mtoto, lakini nilimjua papo hapo.

"Shikamoo Mheshimiwa," alisema yule mwanamke. "Tumeambiwa na Serikali, kwa barua yenye muhuri, kwamba waume zetu wako kozi na wanaendelea vizuri. Tumekuja siku ya wazazi."

"Siku ya wazazi?"

"Kila chuo kina siku ya wazazi. Au hiki si chuo?"

Hapo kila kamera iligeuka. Balozi mmoja alitoa kalamu. Mheshimiwa alikuwa na majibu mawili tu: aseme si chuo, au aseme ni chuo. Mwongozo wake mwenyewe ulikuwa umesema watu hao wako kozi, kwa maandishi, nakala elfu sita. Nami namfahamu Mheshimiwa. Hajawahi kuona kamera akabaki na akili zake zote.

"Ni chuo!" alipaza sauti. "Tena chuo cha kisasa! Na wanachuo hawa, mama zangu, wamefaulu vizuri mno. Hamkuambiwa? Mahafali ni Jumamosi!"

Nilimwona Mkuu wa Chuo akipoteza rangi.

Watu hawakushangilia. Yule mwanamke alisema, "Asante, Mheshimiwa. Basi tutalala hapahapa mpaka Jumamosi." Wakaanza kufungua masufuria.

Mahafali yalifanyika, maana yalishatangazwa kwenye televisheni. Majoho yaliazimwa kwa kwaya tatu za makanisa, mengine ya bluu, mengine ya njano. Vyeti vilichapwa usiku kucha: Stashahada ya Tafakuri, Ngazi ya Kati. Wanachuo walitoka mmoja mmoja kwa kuitwa majina, wamenyolewa, wamekonda, wengine wakifunika macho kwa mkono kwa sababu ya mwanga wa kamera. Mheshimiwa alimpa kila mmoja mkono na cheti, na kila mmoja alikuwa ameshatia sahihi hati ya kuahidi kuisimulia kozi hiyo kwa furaha popote atakapoulizwa.

Waliitwa majina mia mbili na kumi na nne. Waliotoka walikuwa mia moja tisini na tano. Kwa kila jina ambalo hakutokea mtu, Mkuu wa Chuo alisoma kutoka kwenye karatasi: "Ameahirisha masomo." Alisoma hivyo mara kumi na tisa. Mara ya tatu watu walikuwa wameelewa. Mama mmoja mzee, jina la mwanawe lilipopita, alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ameahirisha mpaka lini?" Mkuu wa Chuo akaita jina linalofuata. Familia hizo kumi na tisa zilibaki langoni baada ya wenzao kuondoka. Mpaka leo hawajaambiwa ni muhula gani.

Bi. Skolastika aliitwa kwa Mheshimiwa Jumatatu saa tatu asubuhi, nami nikaitwa kama shahidi. Alikuja amevaa gauni lake la kijani na amebeba Mwongozo, umebonyea pale palipokuwa na mguu wa meza.

"Wewe mama," Mheshimiwa alianza, "umevunja maadili. Umewaambia watoto ukweli bila kibali."

"Sijawaambia neno hata moja, Mheshimiwa. Nimewaandikia Jibu C. Tazama nakala."

"Na hizo barua nyingine?"

"Jibu C linasema, 'anakusalimu.' Nilitafuta salamu zenyewe ili Serikali isionekane inasema uongo. Nikaziambatanisha."

 Mheshimiwa alimgeukia profesa mwenyekiti wa Tume, ambaye alivua miwani ya kusomea, akavaa ya kupigia picha, akavua tena. Kisheria hakukuwa na kosa, maana amri ya Mheshimiwa mwenyewe ndiyo iliyoagiza bahasha zile zipelekwe. Lakini nchi yetu haijawahi kukwamishwa na jambo dogo kama hilo.

"Nani aligonga muhuri?" Mheshimiwa aliuliza.

Wote walinitazama. Bi. Skolastika naye alinitazama, si kwa kuomba. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto anayekaribia kusoma neno gumu.

Nilisema aliuchukua mkandani kwangu nikiwa nimesinzia.

"Ni kweli?" Mheshimiwa alimwuliza.

"Gaudensi hulala sana," alijibu. "Tangu zamani."

Wakamchukua. Redio ilitangaza kwa siku tatu mfululizo kwamba Bi. Skolastika Kalokola, karani wa Idara ya Majibu ya Krismasi, ameteuliwa kuwa mwanachuo wa kwanza wa muhula mpya wa Chumvini. Mimi nilipandishwa daraja. Nilipewa meza yake, ambayo sasa inayumba.

Mwezi Januari Idara ilinituma kuzungukia nyumba za wahitimu na Fomu ya Kuridhika kwa Mtoto. Fomu ina swali moja, "Je, mtoto ameridhika na jibu la Baba Krismasi?", na visanduku viwili: Ndiyo, na Ndiyo Sana. Nyumba ya nne ilikuwa ya Mwambungu.

Walinikaribisha, maana ni watu wenye adabu. Mwalimu Mwambungu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, shati limemzidi, kichwa amekigeuza ili sikio la kulia lielekee kwangu. Mama Tusekile alileta chai. Msichana alikuwa sakafuni na daftari lake, na aliniamkia vizuri.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi natoka kwa Baba Krismasi," nilimwambia kwa uchangamfu. "Sasa baba amerudi kutoka kozi, umefurahi?"

Alifunga daftari. Aligeuka akamwuliza baba yake, pale pale, mbele yangu.

"Baba, ile kozi ilikuwaje?"

Mwalimu alinitazama. Alikiona kitambulisho changu kifuani. Hati aliyotia sahihi aliijua, na alijua kwamba nami naijua. Mkewe alisimama na birika mkononi, hamimini wala haliweki chini. Nilitarajia aseme ilikuwa nzuri. Mtu yeyote mwenye busara angesema ilikuwa nzuri.

"Haikuwa kozi, mwanangu," alisema. "Nilifungwa. Kwa sababu ya ziwa."

"Walikupiga?"

"Walinipiga."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeongezewa kipande alichokuwa anakikosa. Akasogea, akaegemea goti la baba yake. Halikunihusu. Mimi nilikuwa na fomu. Niliiweka juu ya paja, nikatia alama kwenye Ndiyo Sana.

Sikuwa nimegundua kwamba mtoto anaangalia.

"Umeandika uongo," alisema.

Nilimtazama mama yake, nikitarajia amkemee. Hakumkemea.

"Mwanangu," nikasema kwa upole, "mimi ni karani tu."

"Bi. Skolastika naye ni karani."

Nilitia sahihi yangu chini ya fomu, nikakusanya karatasi, nikaaga. Waliitikia. Nilipita mlangoni, nikavuka ua, nikafika barabarani. Hakuna aliyenisindikiza.